Bibi wa Ibra na Viatu vya Barafu

Ijumaa, 3 Januari

Tumerudi kutoka Nizwa sasa hivi. Hasira bado za moto. Naandika kabla hazijapoa.

Tulikwenda kula chakula cha mchana kwa mwanangu Majid, kama kila Ijumaa. Kutoka Ibra ni mwendo wa saa moja na nusu. Akiendesha mume wangu Hamood, saa mbili na zaidi. Njia nzima nimepakata sufuria la wali wa nazi. Shatha, mjukuu wangu wa pekee, miaka minane, akanikimbilia mlangoni: "Shikamoo Bibi wa Ibra!"

Bibi wa Ibra. Kama kibao cha barabarani! Mwenzangu Badria, mama yake Alyaa mke wa Majid, anaitwa Bibi tu. Bibi bila anwani. Sababu ni nini? Nyumba yake na ya Majid zimepakana ukuta, na mtoto akitoka skuli anashinda kwake. Mimi nampata Ijumaa, baina ya wali na chai.

Hilo la zamani, nimeshalizoea. (Uongo. Sijalizoea.) La leo ni jipya. Shatha anajifunza kuteleza juu ya barafu! Nizwa! Mji wa halwa na mbuzi! Kwenye moli mpya wamegandisha ukumbi mzima, na kuna mwalimu wa kike, Lamees, binti wa Maskati. Nani kamwandikisha mtoto? Badria. Nani hakuulizwa? Mimi. Na Ijumaa ya tarehe 24 watoto watateleza mbele ya wazee wao, kila mtu aone. Kwa sasa Shatha anavaa viatu vya kukodi.

Badria akafuta mdomo, akatangaza kwamba yeye atamnunulia mtoto viatu vyake mwenyewe, "vya profeshno." Kwao Badria ni Tabora. Ndivyo wanavyolitamka huko.

Hapo ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia amechelewa, mimi nimeshaviagiza zamani.

Sijaagiza kitu. Sijui hata vinafananaje. Hamood alinitazama, kisha akarudi kwa samaki wake.

Basi nimeapa. Tarehe 24 Shatha atavaa viatu vyangu. Watu wakimuuliza, atasema: kanipa bibi. Bibi! Ibra isitajwe.


Jumamosi, 4 Januari

Nimemwomba Majid anitumie karatasi ya ushauri wa viatu ambayo mwalimu amewapa wazazi. Nikamwambia nataka kuongeza elimu tu. Kaituma. Mwanangu hana hila, sijui kamrithi nani.

Nimesoma yote, mara mbili, miwani usoni.

Kwanza: kiatu kimshike mtoto barabara, vidole viguse mbele kidogo tu, kisigino kisinyanyuke. "Msinunue kikubwa kwa kutaraji akikulie."

Soma hiyo! Kwetu Unguja mama alikuwa akitununulia viatu vya Idi na kusukuma kidole chake nyuma ya kisigino. Kidole kisipoingia, kiatu kinarudi dukani. Idi ya kwanza pamba tele mbele. Idi ya pili nusu ya pamba. Idi ya tatu ndiyo kiatu kinakuwa chako. Mimi nimelea watoto wanne kwa kanuni hiyo na hakuna aliyeanguka, isipokuwa Majid, na Majid huanguka hata akiwa peku.

Pili: anayeanza asinunuliwe kiatu kigumu, hicho ni cha wanaoruka. Tatu: chuma chake kisinolewe ila na mtu anayeijua kazi hiyo. Nne, kule chini kabisa: kwa miezi mitatu ya mwanzo vya kukodi vinatosha.

Binti wa watu huyu anaonekana mzuri. Lakini hamjui Badria.


Jumatano, 8 Januari

Ushindi! Nimevipata, na wala sikutoka Ibra.

Leo siku ya soko la wanawake. Hamood kaniteremsha, akabaki garini na gazeti, maana wanaume hawaingii. Nikaenda moja kwa moja kwa Alya (si mkwe wangu Alyaa, huyu ni wa sokoni), anayeuza udi na manukato na, ukimwendea kwa maneno mazuri, kitu chochote kile. Nikamnong'oneza haja yangu. Akafikiri. Akasema jirani yake ana binti aliyesoma Uholanzi miaka minne, karudi na shahada, makoti mawili na viatu vya barafu ambavyo hajui pa kuvivalia. Akatuma mtu. Vikaja ndani ya mfuko wa mchele.

Vizuri, wallahi! Vyeupe, ngozi tupu, kamba ndefu. Nimevigonga kwa kidole, vinalia kama mlango. Alya kasema huo ugumu ndio ubora wenyewe. Chini kuna chuma kirefu kama kisu, na mbele ya chuma kuna meno, kama ya msumeno. Nikamuuliza ya nini. Hajui. Tukakubaliana ni pambo.

Namba 37. Shatha anavaa 32. Namba tano za kukulia! Mama angelia kwa furaha.

Tulivutana bei mpaka kahawa ya tatu. Nimeshinda mimi, ingawa nahisi Alya naye anasema hivyo hivyo.


Alhamisi, 9 Januari

Kulainisha. Nimevipaka mafuta ya nazi ndani na nje, nikavifukiza udi, kisha nikavivaa mwenyewe nitembee navyo sebuleni ili ngozi ikubali. Vinanienea kabisa! Kama vilikatwa kwa mguu wangu. Kwa hiyo si vibaya.

Nimetoka kwenye kochi hadi kwenye televisheni. Kurudi nimerudi kwa magoti.

Zulia la Kashani limekatika mahali pawili. Nimeweka meza juu ya pa kwanza na kigoda juu ya pa pili. Hamood kaingia, kaitazama meza iliyosimama katikati ya njia, akasema, "Haya." Ni neno lake. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na nusu yake ni "haya."


Ijumaa, 10 Januari

Siku mchanganyiko.

Nilivua abaya kwa Majid nikabaki na kanga niliyoichagua makusudi: *Hasidi hana sababu*. Nikakaa mkabala na Badria ili aisome vizuri. Kaisoma. Akaniomba achari.

Baada ya chakula nikavitoa viatu. Shatha kapiga kelele za furaha, kanirukia shingoni. Nilimtazama Badria kwa juu ya kichwa cha mtoto. Kulikuwa na dakika moja tamu pale, naiandika nisije nikaisahau.

Kisha akavivaa. Mguu ukazama. Nikatia pamba. Nikatia soksi jozi tatu. Nikatia pamba tena. Badria akasema yeye ameupima mguu wa mtoto kwa sentimita, juu ya karatasi, na vyake vinakuja na mpwa wake kutoka Dubai, namba 32 kamili. Kamili! Hana hata aibu. Kiatu cha kubana mtoto, eti kwa sababu karatasi imesema.

Tukaenda barafuni wote. Shatha kaanguka mara nne. Niliangalia kwa makini, na kosa nimeliona kwa macho yangu: yale meno ya mbele! Akinyanyua mguu, meno yanakamata barafu, mtoto chini. Mwalimu Lamees akaja ukutani, akanipa shikamoo (kwao nao ni watu wa Unguja, malezi yanaonekana), akaniambia kwa upole kwamba viatu ni vikubwa mno, na tena chuma ni butu. Vya kukodi ndivyo vinavyomfaa.

Nimesikia. Chuma ni butu. Basi hilo tu!

Shatha akarudia vyake vya kukodi, vya buluu, vimechanika ulimi, namba 32 imeandikwa kwa wino nyuma ya kisigino. Kapona papo hapo. Akapita mbele yangu akipunga mkono. Mimi nilikuwa nafikiri habari ya kunoa.

Tunalala kwa Majid. Kesho nina safari ya sokoni.


Jumamosi, 11 Januari

Anayejua kunoa! Karatasi inataka anayejua kunoa, na mimi nimesimama Nizwa! Mji mzima unanoa. Eti mashine ya kunolea viatu hivi iko Maskati. Maskati!

Nimekwenda kwa Khalifa, fundi wa majambia, kule sokoni. Baba yake fundi, babu yake fundi. Akavaa miwani, akakigeuza kiatu, akapitisha ukucha juu ya chuma. Akasema astaghfirullah. Miaka arubaini kazini hajapata kuona kisu kilichofanywa ovyo namna hii: katikati ya makali kuna mfereji! Mfereji, urefu wote, na ukingo huku na ukingo huku. Kazi ya mtu aliyeondoka kabla hajamaliza. Nikamwambia ndiyo Ulaya hiyo. Kisha nikamwonyesha meno, nikamweleza yanavyomwangusha mjukuu wangu. Khalifa ana wajukuu tisa. Uso ukambadilika.

Kaufuta mfereji wote. Kayasaga meno mpaka yakawa hayapo, pamebaki laini kama shavu. Kisha kakitia makali mamoja, kwenye jiwe, kwa mkono, huku akisoma dua. Kwa heshima yangu kaongeza uzi wa fedha kuzunguka kifundo, kama wa kwenye ala ya jambia. Kukijaribu, akaachia ndimu idondoke juu ya chuma. Ndimu mbili zikaanguka chini!

Nilikaribia kulia. Tuna mafundi sisi.

Sitamwonyesha mtu yeyote mpaka siku yenyewe. Siri ni nusu ya ushindi.


Alhamisi, 16 Januari

Pamba haifai, inajikunja kidoleni. Leo soko la Sinaw, na Sinaw kuna sufu. Hamood alikubali mara moja kwa sababu anapenda kutazama ngamia wakinadiwa. Alisimama pale saa nzima, mikono nyuma, bila ya kununua wala kusema.

Mimi nikampata bibi mmoja wa Kibedui, barakoa usoni, mwenye sufu ya mbuzi, nyeusi, safi. Nikamweleza: mtoto, kiatu, barafu. Akaniuliza mara mbili kama nimesema barafu. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini sufu kanipa, na kanifundisha kuikandika iwe kama godoro.

Nyumbani nimeikandika ndani. Kiatu cha 37 sasa ndani ni 32, na kadiri mtoto anavyokua tutakuwa tunachomoa. Karatasi imefuatwa na kanuni ya mama imefuatwa! Sijui kwa nini hawaniulizi mambo ya serikali.

Kuna kiharufu. Beberu. Nimefukiza udi mara mbili. Sasa ni beberu anayekwenda harusini.


Ijumaa, 17 Januari

Badria katufungulia mlango, na kanga yake imeandikwa: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Alyaa anasema ni makaribisho. Makaribisho! Nani mgeni? Kwa mwanangu, mgeni mimi? Wali sikuugusa. Nilijidai nimeshiba.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: neno lile limenichoma kwa vile ni kweli. Mimi ndiye ninayebisha hodi. Mimi ndiye ninayeulizwa kama nitakunywa chai. Shatha kapoteza jino wiki hii na nimeliona leo, siku ya tano. Badria alilishika likiwa bado la moto.

Barafuni mtoto kateleza kwa vya kukodi, vizuri zaidi. Kajifunza kusimama na kuzunguka mara moja. Akaja ukutani akaniita, "Bibi wa Ibra, njoo hapa karibu, mimi nataka kukuonyesha kitu." Nikamwambia nakuja. Lakini Badria alikuwa kwenye simu na mpwa wake wa Dubai, na nilikuwa nimefika karibu ya kusikia siku ya kuwasili. Ni Alhamisi. Nilipogeuka, Shatha alikuwa ameshakionyesha hicho kitu, akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona, mashallah.


Alhamisi, 23 Januari

Vimefika. Alyaa kanipigia. Rangi ya zambarau, vinametameta, vigumu kuliko vyangu, na namba 32 kamili. Badria kawaita majirani waje kuvitazama.

Nimevipangusa vyangu kwa kitambaa cha miwani. Makali yamekikata kitambaa. Vizuri. Kesho.


Ijumaa, 24 Januari

Bismillah. Naandika nimelala, mguu juu ya mito miwili.

Tulifika mapema kuliko wote. Nje jua, ndani baridi ya kukausha meno. Nikamkalisha Shatha kwenye benchi, nikafungua mfuko. Nikashika mguu wa kushoto. Nikainua macho: Badria kapiga magoti upande wa pili, kashika wa kulia.

Mimi nikafunga kamba zangu, yeye akafunga zake. Nikavuta, akavuta. Shatha akasema, "Bibi wa Ibra, kiatu hii inanuka mbuzi." Nikamwambia, mwanangu, sema kiatu hiki kinanuka mbuzi.

Akasimama. Kushoto: namba 37, cheupe, uzi wa fedha, sufu inachungulia juu. Kulia: namba 32, cha zambarau, kigumu, kifundo hakikunjiki. Mtoto kaegemea upande mmoja kama meza iliyopungua mguu. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Sikupenda kuuona mdomo ule. Nilitaka kukivua changu, haki ya Mungu nilitaka. Lakini Badria hakuvua. Basi na mimi sikuvua.

Akaja Mwalimu Lamees. Kapiga magoti baina yetu, akavifungua vyote viwili, taratibu. Akamwambia Badria kwamba namba ni sawasawa ila kiatu ni cha wale wanaoruka hewani na kugeuka, mguu wa mtoto hauna nguvu za kukikunja. Badria akasema lakini ni vya profeshno! Lamees akasema ndiyo, hasa.

Nilikuwa natabasamu bado pale alipopitisha kidole juu ya chuma changu.

Akaurudisha mkono haraka. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema Khalifa, baba fundi, babu fundi. Akauliza meno yako wapi. Nikasema yamebaki kwa Khalifa. Akavuta pumzi. Akanieleza, kwa adabu, na afadhali angenipigia kelele, kwamba ule mfereji ni wa makusudi: unafanya kingo mbili, na mtelezaji anaegemea huu au ule ndipo anapogeuka na kusimama. Hata meno yana kazi zake. Hiki sasa, akasema, si kiatu tena, ni silaha. Akavisukuma vyangu chini ya meza ya mapokezi, na vya Badria juu yake. Kisha akaleta vile vya kukodi, vya buluu, vilivyochanika ulimi.

Shatha kavipokea kama jamaa aliyerudi safari.

Na kateleza! Mbele, nyuma, kazunguka mara mbili, mikono wazi, pengo la jino linaonekana hadi kwetu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuona yote vizuri, baridi ile inatoa machozi. Hamood alikuwa na machozi pia, na yeye alivaa koti.

Ingekwisha pale ningekuwa nimelala kwa amani. Lakini Lamees akawaalika wazee waingie nao barafuni. Nikageuka kumtafuta Badria nimwone anavyokataa. Hayupo! Badria ameshakodi, ameshavaa, ameshaingia! Anasogea pembeni ameshika ukuta, hatua kama za bata, na ananipungia. Mkono! Mimi!

Nikaenda kwenye dirisha la kukodisha. Viatu vya namba yangu vimekwisha, vimebaki 45 vya wanaume.

Nikatazama chini ya meza ya mapokezi.

Kujifunga kibwebwe watu hukusema tu. Mimi nilijifunga. Kanga kiunoni juu ya abaya, mafundo mawili. Nikang'oa sufu yote, nikavaa, nikakaza. Hamood akaniita kwa jina langu, "Fakhriya." Hakusema haya. Ningepaswa kushituka hapo hapo. Sikusimama.

Khalifa ni fundi wa kweli, sitaki mtu amseme. Chuma kiliingia kwenye barafu kama kisu kwenye halwa na kikashika njia yake. Njia moja. Mbele. Kushoto hakiendi, kulia hakiendi, kusimama hakijui. Nilimpita Badria kwa kasi, na nakiri kuwa hapo nilifurahi. Niliuona uso wake. Nikampita Lamees, aliyenyoosha mikono. Nikawapita watoto wote. Mbele yangu ukuta wa mwisho, maputo, na mimi nasoma shahada.

Ndipo nikasikia ubavuni, "Bibi! Bibi, kunja magoti! Kaa, Bibi, kaa!"

Shatha. Kaja mbio kwa vile vya buluu, kanishika mkono. Nikakunja. Nikakaa. Akakaa na yeye. Tukateleza pamoja kwa makalio, polepole, mpaka kwenye maputo, na maputo yakapasuka mawili tu.

Kifundo kikasema kah. Lakini tulikaa pale. Yeye anacheka, na mimi nikaanza kucheka, sijui kwa nini, kanga imepanda kifuani. Akaniambia, "Usiogope Bibi, mimi nipo." Akanifundisha kupiga magoti, akawaita wenzake wawili, wakanikokota mpaka mlangoni mwa uwanja. Hakuniachia mkono hata kidogo. Kiganja chake kilikuwa cha moto katika baridi yote ile.


Jumapili, 26 Januari

Likizo ya skuli imeanza, na Shatha yupo hapa Ibra. Wiki nzima! Haijapata kutokea. Majid anasema aliomba mwenyewe, ndani ya gari, kabla hawajatoka kwenye maegesho ya moli. Kaja na mkoba, mswaki, na mto wake.

Na ananiita Bibi. Bibi tu. Tangu Ijumaa. Asubuhi hii nimehesabu mara kumi na moja.

Hamood, akinibadilishia chupa ya maji ya Tanuf iliyogandishwa juu ya kifundo, kasema labda ni kwa sababu nilikaa naye chini kule barafuni. Maneno mengi hayo kwa Hamood, itakuwa kachoka. Mimi naijua sababu. Ni viatu! Viatu vilionekana, ukumbi mzima uliviona, mtoto akaona fahari. Mbinu imefanya kazi. Imechukua njia ndefu kidogo, basi.

Sasa hakuna kulegea. Alyaa kaniambia kwamba Badria kajiandikisha darasa la wakubwa, kila Jumanne. Nimempigia Lamees papo hapo, nimejiandikisha na mimi, kifundo kikipona. Akaniomba nirudie jina langu. Furaha, nadhani.

Tatizo ni viatu. Vile vya 37 vinanienea kabisa, na hiyo ndiyo kasoro yake: havina nafasi. Kifundo chenyewe kimevimba, je kikikataa kurudi? Nimeshampigia Alya wa sokoni anitafutie 41. Sufu ipo. Kwa Khalifa nimetuma salamu: mwalimu anapenda meno, basi ayatie meno, mbele na nyuma. Na mifereji, akiweza, miwili.

Nachora hapa namna meno yatakavyokaa. Kazi ya utulivu, lakini hapana utulivu. Shatha yupo mlangoni, unga mpaka puani. Anasema, "Bibi, yalla, unga iko tayari, uliniahidi tufanye visheti." Nimemwambia aseme unga uko tayari. Ni mara ya tatu anakuja. Mara ya kwanza alileta chai ya tangawizi, naiona pale, imepoa.

Nimemwambia asubiri, Bibi ana kazi. Watoto! Hajui kwamba yote haya nayafanya kwa ajili yake?